Kilwa Kisiwani: Nguo za Mgeni, Lugha ya Mwenyeji

Kila mwaka wanafunzi wetu wapya huingia darasani na maswali mawili waliyotoka nayo nyumbani. La kwanza ni kama Kiswahili si Kiarabu kilichobadilishwa kidogo. La pili ni kwa nini wazee wetu nchini Uganda hukiita lugha ya askari. Sisi walimu huyajibu maswali hayo kwa nadharia za chimbuko la Kiswahili, tukachora ubaoni mti wa lugha za Kibantu, na wanafunzi wakanakili. Safari hii tuliona ni vyema tukayafuate majibu mahali penyewe. Walimu 3 na wanafunzi 18 tulipanda basi dogo kutoka Kampala hadi Kilwa Masoko, kusini mwa pwani ya Tanzania, na kutoka hapo tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani.

Lengo la makala haya si kueleza tulikula nini na tulilala wapi. Tunataka kuwashirikisha wasomaji wetu historia tuliyoikuta njiani na kisiwani, hasa ile inayomhusu mwalimu wa lugha.

Njia ya misafara, kinyumenyume

Tulitoka Kampala alfajiri, tukavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, tukapita Masaka na kufika mpakani Mutukula. Mwendo mfupi baada ya mpaka tulifika Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera. Hapo tulishuka wote.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tanzania ilijibu, na vita hivyo vikaishia kwa kuanguka kwa Kampala mwezi Aprili 1979. Ikumbukwe kwamba ni Amin huyo huyo aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshini tangu enzi za wakoloni. Kwa hiyo Mganda wa kawaida aliyekisikia miaka ile alikisikia mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye bunduki kizuizini. Wakombozi walipokuja mwaka 1979, nao walikuja na Kiswahili, na nao walikuwa na bunduki. Mwanafunzi anayesema kwamba bibi yake hakitaki Kiswahili hasemi upuuzi. Bibi ana kumbukumbu yake, na mwalimu hana budi kuiheshimu kabla ya kumwonyesha mjukuu kwamba historia ya lugha hii haikuanzia hapo.

Kabla ya askari kulikuwa na mfanyabiashara. Mwaka 1844 ndio hutajwa kuwa mwaka ambao Ahmed bin Ibrahim alifika katika jumba la Kabaka Suuna wa Buganda. Misafara ya watu kama yeye ilitoka pwani, ikapumzika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikapitia Karagwe na kuingia Buganda. Pamoja na nguo na shanga, misafara hiyo ilileta maneno. Katika Luganda tunasema ekitabo, essaawa, ssabbuuni na emmeeza, na wala hatukumbuki kwamba maneno hayo yalitembea kwa miguu kutoka baharini. Meza yenyewe ni neno la Kireno. Liliingia pwani, likapata uraia katika Kiswahili, kisha likapelekwa bara na watu ambao huenda hawakuwahi kumwona Mreno. Basi letu lilikuwa likiifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka lilikofikia neno hadi lilikoingilia.

Kutoka Biharamulo tulipita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani. Wanafunzi walijaza madaftari kwa lafudhi. Kila stendi ilikuwa na Kiswahili chake, cha Wasukuma, cha Wanyaturu, cha Wagogo, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi kwa lafudhi yake. Jambo hilo peke yake liliwapa wanafunzi wetu ujasiri wa kuongea.

Kusini mwa Rufiji

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300. Zamani safari hiyo iliweza kula siku nzima au zaidi, kwani mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika mikoa ya kusini ilikuwa kama imekatwa na nchi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ya Ndundu hadi Somanga ikafuata miaka mingi baadaye. Hata hivyo barabara hii bado huonja hasira ya mvua: mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata tena eneo la Somanga.

Nchi hii ya kusini mwa Rufiji wanafunzi wa fasihi huijua kabla ya kuiona. Hapa ndipo vilipoanzia Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomeshwa katika vyuo vyetu kwa miongo mingi. Mwanafunzi mmoja alikiri kwamba siku zote aliiwazia kama hadithi ya mahali pasipo ramani. Sasa alikuwa akisoma jina la Mohoro kwenye kibao cha barabarani.

Kabla ya kufika Masoko tulichepuka hadi Kilwa Kivinje, mji uliochukua nafasi ya kisiwa katika karne ya 19. Hapa ndipo misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipofikia, na hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka 10 kabla ya Majimaji. Nyumba za mawe zilizobomoka bado zinatazama bahari, na wavuvi huanika samaki karibu nazo. Tuliwaamkia wazee waliokaa barazani. "Shikamooni, wazee." "Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi?" Tulipowaambia Uganda, mmoja alicheka: "Aa, ndiyo maana mwasema Kiswahili cha vitabu!" Tulilipokea kama sifa, ingawa hatuna hakika kama ndivyo alivyokusudia.

Majina yanayosema

Mkondo kati ya Masoko na kisiwa ni mwembamba, kama kilomita 2 tu, lakini ukishavuka huoni gari wala husikii honi. Kuna vijiji vya wavuvi na wakulima, mibuyu, mikoko, na katikati ya makazi ya watu kuna magofu ya mji uliokuwa miongoni mwa miji tajiri kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu mawimbi na uchakavu vilikuwa vikiyala, na yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Mwongozaji wetu alianza na jengo linaloonekana kwanza kutoka baharini, yaani Gereza. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, na jengo tunaloliona leo lilijengwa na Waomani karibu mwaka 1800. Neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani yake, na kwa mwenyeji aliyezitazama kutoka nje, au aliyefungiwa ndani, hapakuwa na tofauti kubwa. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa kifungo. Hapo tuliwauliza wanafunzi watuoneshe historia ya karne mbili za uhusiano wa Wareno na watu wa pwani. Walijibu kwa neno moja.

Tulitembea na madaftari tukiandika majina ya majengo. Husuni Kubwa na Husuni Ndogo: husuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini kubwa na ndogo ni vivumishi vyetu, vyenye upatanisho wetu wa ngeli. Makutani, lile kasri la karne ya 18 lenye kuta ndefu: mzizi wa Kibantu na kiambishi cha mahali -ni. Kisiwani: vivyo hivyo. Masoko: soko la Kiarabu, wingi wa Kibantu. Mgeni ameleta nomino, mwenyeji ameipa sarufi. Darasani tumelisema jambo hili mara nyingi, lakini halikuwahi kueleweka haraka kama lilivyoeleweka pale, wanafunzi wakiwa wamesimama juu ya kila mfano.

Nguo za kuzunguka kisiwa

Masimulizi ya kuanzishwa kwa Kilwa yametufikia kwa njia tatu. Ipo Kitab al-Sulwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Yapo mapokeo aliyoyachapisha Mreno João de Barros mwaka 1552. Na yapo masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa Kilwa na Mjerumani Velten na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Yote yanasema kwamba mgeni kutoka Shirazi, aitwaye Ali katika mapokeo mengi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji kwa nguo. Kitabu cha Kiarabu kinasema nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa kizima. Katika masimulizi ya Kiswahili mwenyeji huyo ana jina, Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake.

Zamani kisiwa kiliungana na bara maji yalipokupwa, na Waislamu wakahofu kwamba mwenyeji angerudi kupigana. Kitabu cha Kiarabu kinasema walichimba mkondo. Masimulizi ya Kiswahili yanasema sultani alisoma Kurani na kutoa kafara, na bahari ikawa na kina. Kitabu hicho cha Kiarabu kinasema pia kwamba wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu na watoto wake, na msikiti ulikuwapo tayari. Na Barros anaeleza kwamba mama yake Ali alikuwa Mhabeshi, na kwamba ndugu zake, waliozaliwa na mama wa Kiajemi, walimdharau kwa sababu hiyo.

Tunawaomba wasomaji waangalie jambo moja katika masimulizi hayo. Wanaume wanakuja na merikebu, nguo na majina ya ukoo. Lakini kila mara yupo mwanamke wa Afrika, ama mama ama mke, na ndiye ambaye watoto watajifunza kuongea kwake.

Wanaakiolojia wamelitazama suala hili kwa macho mengine. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa hadi mwaka 1965 na kuchapisha ripoti yake mwaka 1974, alikuta kwamba chini ya mji wa mawe palikuwa na makazi yaliyoanza karibu karne ya 9, yenye nyumba za miti na udongo na vyungu vya kienyeji. Mji haukushushwa kutoka melini. Ulikua juu ya kijiji. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wakiwemo wa Kilwa na Songo Mnara. Utafiti ulionyesha kwamba kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Nasaba ya upande wa kina mama ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya Kiafrika, na ya upande wa kina baba ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya Asia, hasa Uajemi.

Kwa hiyo wazee wa Kilwa waliosema "sisi ni Washirazi" hawakuwa wakiota. Na wanaisimu wanaosema Kiswahili ni Kibantu hawakuwa wakiwapinga. Baba alitoka Shirazi, na lugha ikabaki ya mama. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Kilwa siku ya tatu alipewa pia lugha.

Utukufu na anguko

Msikiti Mkuu ulituchukua muda mrefu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 hadi ya 12. Ile pana ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Aliyeupanua ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye pia aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari: vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane. Inaelekea hakulimaliza, na halikukaliwa muda mrefu.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyo. Anamsifu kwa ukarimu, na anasimulia jinsi alivyompa maskini kutoka Yemen nguo alizokuwa amevaa mwilini. Fedha za kujengea na za kugawa zilitokana na dhahabu ya Sofala, iliyotoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Sarafu moja ya sultani huyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na sarafu 5 za Kilwa zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wanafunzi wa ushairi walifurahi kusikia kwamba maandishi ya sarafu za Kilwa, ingawa ni ya Kiarabu, yana vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mungu inayolingana nalo kwa mlio.

Anguko lilikuja kwa hatua. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu haikurudi. Mwaka 1587 Wazimba waliushambulia mji na kuua watu wengi. Karne ya 18 Kilwa ilipata utajiri tena, lakini utajiri wa aibu: mwaka 1776 sultani alitia sahihi mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika miaka ya 1840 Waomani wa Zanzibar walimwondoa sultani wa mwisho, na maisha ya mji yakahamia Kivinje. Hatukuwaficha wanafunzi wetu sura hiyo. Lugha iliyoandika mashairi ya dini ndiyo iliyotumika pia kupanga bei ya binadamu, na mwalimu anayefundisha upande mmoja tu atakuja kuulizwa juu ya ule mwingine.

Barua za mwaka 1711

Tumeliweka mwisho jambo linaloigusa idara yetu zaidi. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na kupelekewa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, India. Miongoni mwa watu wa Kilwa walioandikiana na upande wa Wareno wakati huo alikuwamo mwanamke aliyetawala, Mfalme Fatima. Cheo chake ni mfalme, kwani neno letu halibagui jinsia.

Hizi si tenzi wala dua. Ni barua za siasa: za watu walioshikwa kati ya Wareno na Waomani, wanaotafuta marafiki na kupeleka habari. Yaani miaka zaidi ya 200 kabla ya kamati ya lugha ya wakoloni kuanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930, na miaka 133 kabla ya msafara wa Ahmed bin Ibrahim kufika Buganda, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya ofisi na ya diplomasia. Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Wapo wanaoona kwamba tunalipandisha cheo jambo lisilostahili. Barua za Kilwa zinaonyesha kwamba cheo hicho Kiswahili kilikuwa nacho zamani.

Tunayorudi nayo darasani

Kutokana na ziara hii idara imekubaliana mambo matatu. Kwanza, mada ya chimbuko la Kiswahili itafundishwa pamoja na masimulizi ya Mrimba na matokeo ya akiolojia na vinasaba, ili mwanafunzi aone jinsi ushahidi wa aina tofauti unavyosaidiana. Pili, somo la maneno ya mkopo litaanza na Luganda na lugha nyingine za Uganda. Mwanafunzi atakusanya nyumbani kwake maneno kama emmeeza, ayafuatilie hadi pwani, na amuulize bibi yake alilisikia lini neno hilo kwa mara ya kwanza, na kutoka kwa nani. Tatu, kumbukumbu za wazee wetu kuhusu Kiswahili cha miaka ya 1970 zitarekodiwa kabla hazijapotea, kwani nazo ni sehemu ya historia ya lugha hii.

Kwa walimu wa vyuo vingine wanaotaka kufanya safari kama hii tunashauri waende miezi ya Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Kibali cha kuingia kisiwani hupatikana Kilwa Masoko. Wavuke asubuhi na mapema, wabebe maji ya kutosha, na watenge siku mbili kamili ili Songo Mnara nayo isikose nafasi, kwani sisi siku moja haikututosha.

Zoezi la kwanza la muhula ujao liko tayari, na tunaliweka hapa kwa yeyote anayetaka kulitumia: Chukua maneno haya sita, Kisiwani, Makutani, Masoko, Gereza, Husuni Kubwa, mfalme. Tenganisha mzizi na viambishi, taja kila sehemu ilitoka lugha gani, kisha eleza kwa aya moja nani alikutana na nani hadi neno hilo likapatikana.